Ukwasi: bei unayoiona na pesa utakayopata

Kuna neno moja la soko la hisa ambalo huniletea maswali mengi kuliko mengine yote. Neno lenyewe ni ukwasi. Ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta ukwasi ni utajiri, na mkwasi ni tajiri, mtu mwenye mali nyingi. Lakini ukisoma taarifa za Benki Kuu ya Tanzania, au kurasa za biashara magazetini, utakuta neno hilo hilo limevaa maana nyingine: wepesi wa mali kugeuka pesa taslimu bila kupoteza thamani yake njiani. Waliosoma uchumi kwa Kiingereza huliita likwiditi, kisha wanapita haraka haraka kana kwamba kila mtu ameelewa.

Mimi si mchumi. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta, na mambo ya hisa nimeyajua kupitia kazi, kwa kuandika programu zinazosoma bei na kuzipiga hesabu. Lakini nadhani mwandishi wa programu ana bahati moja hapa: analazimika kulieleza neno kwa mashine isiyojua kubahatisha. Ukishindwa kuieleza mashine, ujue hujaelewa.

Basi hebu tuanze na maana zile mbili, maana zinagongana. Mkwasi wa kamusi anaweza kuwa hana ukwasi wowote wa sokoni. Hapa ninapoishi, Kisian, pale barabara ya kutoka Kisumu inapogawanyika, moja ikaenda Maseno na Busia na nyingine Bondo, wapo wazee wenye mashamba yanayoteremka kuelekea ziwani. Ukimwita mmoja wao mkwasi hujakosea hata kidogo. Lakini mwambie anahitaji laki 2 kufikia Ijumaa. Itabidi atafute mnunuzi. Mnunuzi atataka kupekua sajili ya ardhi. Mpimaji atakuja kutafuta mawe ya mpaka. Bodi ya kudhibiti ardhi itakaa siku yake ya kukaa, si siku yako ya shida. Mke wake atatakiwa kukubali, na watoto watakuwa na lao la kusema. Ijumaa itapita, na Ijumaa nyingine kumi baada ya hiyo.

Sasa mtazame mvuvi wa Usoma aliyetua alfajiri na mbuta wa kilo 5. Huyo si mkwasi wa kamusi. Lakini kabla hajanywa chai, mbuta wake amekuwa pesa mfukoni, kwa sababu wanunuzi wamejaa ufuoni wakimsubiri. Na angalia jambo moja zaidi: samaki huyo huyo, saa 8 mchana, bila barafu, akiwa amebaki na mnunuzi mmoja anayejua kwamba yuko peke yake, hana tena ukwasi wa asubuhi. Samaki hajabadilika sana. Waliobadilika ni watu waliosimama upande wa pili.

Hapo ndipo penye siri yote. Ukwasi hauko ndani ya kitu. Uko kwa watu wanaokitaka, idadi yao, na haraka yao. Ukienda kuutafuta ndani ya hisa yenyewe hutauona.

Kama mfano wa samaki haujakuingia, chukua wa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, na kila Mkenya amewahi kukutana na wakala anayesema hana floti au hana pesa taslimu. Una elfu 20 kwenye simu. Hakuna anayebisha kuwa ni zako, na hazijapungua hata senti. Lakini ni Jumapili jioni, mawakala wawili wamefunga na wa tatu ana elfu 3 tu kwenye droo. Hujapata hasara yoyote, ila umekwama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nakuomba uyaweke akilini maana tutayarudia.

Twende sasa kwenye soko la hisa lenyewe. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na miaka ya mwanzo biashara ilifanywa kwa makubaliano ya mdomo kati ya madalali, kahawa ikiwa mezani. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kuuza wala kununua hisa hadi baada ya uhuru wa 1963. Baadaye, tangu 1991, ukaja ukumbi ambao madalali walikusanyika na kuita bei kwa sauti. Hisa zilikuwa vyeti vya karatasi mpaka 2004, ilipoanza hifadhi ya kielektroniki ya CDS. Kisha Septemba 2006 kelele za ukumbini zikaisha: kompyuta ikachukua kazi ya kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi.

Kazi ambayo kompyuta hiyo hufanya ni nzuri kwa macho ya mwandishi wa programu, kwa sababu ni rahisi sana. Kuna orodha mbili. Moja ni ya wanaotaka kununua, kila mmoja na bei yake na idadi ya hisa anazotaka. Ya pili ni ya wanaotaka kuuza. Anayetoa bei nzuri zaidi anatangulia. Wawili wakitoa bei sawa, aliyefika kwanza anahudumiwa kwanza, kama foleni ya matatu ambayo haina mtu wa kuingilia dirishani. Bei ya mnunuzi ikikutana na ya muuzaji, biashara inafungwa. Zisipokutana, wote wanasubiri. Basi.

Sasa swali: ile bei unayoiona kwenye gazeti, kwenye runinga au kwenye simu ni ipi kati ya hizo? Kimsingi si ya mnunuzi aliyepo sasa wala ya muuzaji aliyepo sasa. Ni kumbukumbu ya biashara zilizokwisha kufanyika. Inakuambia kwamba watu fulani waliuziana kwa kiasi hicho, huenda ni dakika 2 zilizopita, huenda ni wiki iliyopita. Haikuambii kwamba kuna mtu anakusubiri wewe akiwa na pesa hizo mkononi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Una hisa 2,000 za kampuni ambayo haiuzwi sana. Bei ya mwisho ni shilingi 42. Programu nyingi zitazidisha na kukuambia una shilingi 84,000. Unaona raha. Halafu unafungua orodha ya wanunuzi na kukuta watatu tu: wa kwanza anataka hisa 300 kwa shilingi 41, wa pili 400 kwa shilingi 39.50, wa tatu 200 kwa shilingi 38. Na usisahau kwamba sokoni Nairobi bei ya hisa hairuhusiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo hata kama kuna mtu anataka kwa shilingi 30, leo hawezi kuingia.

Programu ya kuhesabu utakachopata ni mistari michache. Nimeiandika kwa Kiswahili ili kila mtu aifuate:

zilizobaki = 2000
pesa = 0
kwa kila mnunuzi, kuanzia bei ya juu kushuka:
    nauza = kilicho kidogo kati ya zilizobaki na anazotaka
    pesa = pesa + nauza x bei yake
    zilizobaki = zilizobaki - nauza
onyesha pesa, zilizobaki

Fuata kwa kalamu. Mnunuzi wa kwanza anakupa 12,300. Wa pili 15,800. Wa tatu 7,600. Jumla ni shilingi 35,700, kabla ya ada ya dalali, na bado umeshika hisa 1,100 ambazo leo hazina mwenyewe. Ile 84,000 ilikuwa wapi? Haikuwapo. Ilikuwa zao la kuzidisha namba mbili, na mashine hukubali kuzidisha namba zozote utakazoipa.

Tofauti kati ya bei ya juu kabisa ya wanunuzi na bei ya chini kabisa ya wauzaji huitwa pengo. Pengo likiwa dogo na wanunuzi wakiwa wengi, hisa ina ukwasi. Pengo likiwa pana na foleni ikiwa fupi, hisa ni kavu. Hisa kavu ina tabia mbaya moja: wewe mwenyewe ukianza kuuza, unaishusha bei unayouzia.

Nilisema tutarudia tofauti ya hasara na kukwama. Tuangalie mifano ya kweli.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa umma hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini nakumbuka foleni na fomu. Walioomba walikuwa wengi kupita kiasi, hivyo wengi walipata sehemu ndogo ya walichoomba na kurudishiwa pesa iliyobaki. Hisa ilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, ikapanda juu ya shilingi 7 siku ya kwanza. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5. Watu walilia. Hiyo ilikuwa hasara, na aliyekopa ili anunue aliumia kweli kweli.

Lakini tazama: katika siku zote hizo mbaya, aliyetaka kutoka aliweza kutoka. Aliuza kwa shilingi 4, au 3 na kitu, akachukua chake akaenda. Mlango ulikuwa wazi, ingawa wapitao waliacha pesa mlangoni.

Sasa linganisha na Mumias, kampuni ya sukari ambayo watu wa upande huu wa magharibi wanaijua vizuri. Iliuza hisa kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Miaka ikapita, madeni yakaizidi, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni zikiwa zimefika senti 27. Mwenye hisa hizo bado ana jina kwenye daftari. Ana namba. Ana hata bei ya mwisho. Asichokuwa nacho ni mlango. Hata angekubali kuuza kwa senti 5, hakuna pa kuzipeleka sokoni.

Kenya Airways ni mfano wa kati. Hisa zake zilisimamishwa Julai 2020, wakati serikali ilipokuwa na mpango wa kulichukua shirika lote. Bei ikabaki shilingi 3.83. Zikarudi sokoni Januari 2025. Piga hesabu: miaka 4 na nusu. Katika muda wote huo, programu iliyoandikwa kivivu ingemwonyesha mwenye hisa 3.83 kila asubuhi, bila kupepesa, kana kwamba soko limetulia tu. Mtoto aliyezaliwa siku zile zilipofungwa alikuwa yuko chekechea zilipofunguliwa.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Mara nyingi programu huhifadhi nakala ya data karibu ili isiende kuiuliza seva kila wakati. Ni jambo zuri, huongeza kasi. Lakini nakala ikikaa muda mrefu bila kufanywa upya inakuwa uongo mtulivu. Haionyeshi kosa lolote, wala taa nyekundu haiwaki. Inaonyesha tu namba ya zamani kwa sura ya namba mpya. Bei ya mwisho ya hisa kavu ni nakala iliyolala. Ndiyo maana mimi siku hizi sionyeshi bei yoyote bila kuandika chini yake ni ya tarehe gani na ziliuzwa hisa ngapi siku hiyo.

Hapo ndipo nifike kwenye chama.

Mama yangu yumo katika chama cha akina mama hapa Kisian, wanachama kumi. Walianza na kuchangiana sufuria na mabati, baadaye wakanunua hisa kidogo kidogo. Waliniomba niwatengenezee programu ndogo ya kuonyesha mali yao, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaitengeneza, ila niliweka safu mbili za pesa badala ya moja. Safu ya kwanza niliiita thamani ya karatasi, yaani idadi ya hisa mara bei ya mwisho. Ya pili niliiita pesa ya wiki hii, yaani kiasi ambacho kingeweza kweli kufika mkononi ndani ya siku 5 za soko. Mweka hazina hakuipenda safu ya pili. Alisema inawakatisha wanachama tamaa.

Kisha mwaka 2024 mtoto wa mwanachama mmoja akagongwa na pikipiki kwenye barabara ya Busia, mfupa wa paja ukavunjika vibaya. Daktari alisema lazima afanyiwe upasuaji na kuwekewa chuma, na kusubiri kungeharibu mguu. Zilitakiwa shilingi 150,000 kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa Jumamosi. Chama kikakaa Jumapili baada ya kanisa, nami nikaitwa na tarakilishi yangu.

Thamani ya karatasi ilikuwa shilingi 286,500. Hisa za Safaricom zilikuwa 198,000. Hisa 2,000 za kampuni moja ya viwanda ambayo haiuzwi sana, 84,000. Na hisa za kampuni moja iliyosimamishwa, 4,500. (Mfano wangu wa hapo juu sasa unajua nimeutoa wapi. Niliuita wa kubuni kwa sababu wanunuzi wale watatu nimewapanga mwenyewe ili hesabu iwe fupi. Hali yenyewe ilifanana hivyo.)

Wazo la mkutano lilikuwa la busara kabisa kwa mtazamo wa kawaida. Mweka hazina alisema: "Hizi mbili hazituletei kitu. Tuziuze zote, tupate 88,500. Safaricom inatoa gawio, hiyo tuiguse kidogo tu, 61,500. Jumla ni laki na nusu. Tumemaliza."

Hesabu yake ilikuwa sawa. Mimi mwenyewe nisingeweza kuisahihisha kwa kujumlisha. Nikawafungulia safu ya pili. Kampuni iliyosimamishwa: pesa ya wiki hii, 0. Kampuni ya viwanda: chini ya nusu ya kilichoandikwa, na hiyo ni kama tungekubali kila bei itakayotajwa. Safaricom: yote. Kwa hisa hiyo safu mbili zilikuwa karibu sawa, kwa sababu Safaricom ina wanunuzi kila dakika ya soko. Kuna miaka ambayo hiyo kampuni moja peke yake ilifikia zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la Nairobi. Kwa hiyo, nikawaambia, kama pesa inatakiwa wiki hii, itatoka Safaricom.

Kimya. Halafu mama yangu akaniuliza mbele ya wote:

"Wewe ulienda shule, hebu nieleze. Ng'ombe anayekamuliwa ndiye auzwe, na yule aliyelala abaki zizini?"

"Mama, aliyelala hana mnunuzi wiki hii."

"Basi sema hivyo. Sema hana mnunuzi. Usituandikie kwamba ni wa elfu 84."

Sijawahi kusikia maelezo bora ya ukwasi, na nimesoma vitabu viwili vitatu kuhusu jambo hili.

Walibishana kwa saa nzima. Haikuwa kwa sababu hawakuelewa. Walielewa vizuri sana, na ndiyo maana iliuma: kuuza kilicho kizuri na kubaki na kibovu ni kinyume cha kila walichofundishwa na maisha. Mama wa yule mtoto hakusema neno muda wote. Mwishowe mwenyekiti akauliza swali moja tu, kama kuna aliye na njia nyingine ya kupata pesa hiyo kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyeinua mkono.

Jumatatu saa 3 na nusu asubuhi, soko lilipofunguliwa, agizo la kuuza Safaricom za kutosha kutoa 150,000 pamoja na ada lilikuwa tayari kwa dalali. Liliuzwa kabla sijamaliza kikombe cha chai. Sokoni Nairobi pesa hulipwa siku 3 za kazi baada ya mauzo, hivyo Alhamisi iliingia benki, na Ijumaa mtoto akapokelewa. Leo anatembea, anachechemea kidogo kukiwa na baridi.

Zile hisa za viwanda nazo tuliziweka sokoni, lakini kwa bei yetu: shilingi 40, si chini ya hapo. Hii ni silaha ya pili ya mwenye hisa kavu. Ukimwambia dalali "uza kwa bei yoyote", kompyuta itateremka kwenye orodha ya wanunuzi mpaka chini. Ukimpa kikomo, itauza kwa wanaofika hapo na kusubiri wengine. Hisa 300 ziliondoka siku ile ile kwa shilingi 41. Nyingine 500 zilichukua miezi 4. Zilizobaki, 1,200, bado zipo. Kikomo kinalinda bei yako, lakini hakikuletei mnunuzi. Unachagua kimoja: bei au haraka. Mwenye hisa yenye ukwasi ndiye pekee anayepata vyote viwili.

Mwaka 2025 bei ya Safaricom ilipanda sana. Hakuna mkutano unaopita bila mwanachama mmoja kukumbusha kwamba tungengoja tungekuwa mbali. Ni kweli. Na mimi humjibu kwamba ukwasi si wa bure. Siku ile tulilipa kwa hisa ambazo zingepanda, tukapata mguu wa mtoto. Wengine wanatikisa kichwa, wengine wanakubali. Mama wa mtoto haingilii mjadala huo, lakini siku hizi ndiye wa kwanza kuleta mchango.

Msidhani kwamba shida hii ni ya masoko madogo kama letu tu. Tarehe 6 Mei 2010 huko Marekani, soko kubwa kuliko yote duniani, kipimo cha Dow Jones kilianguka karibu pointi 1,000 na kurudi juu sehemu kubwa, yote katika muda mfupi wa mchana mmoja. Kulikuwa na agizo kubwa la kuuza, na programu nyingi za biashara zilipoona mtikisiko zikajiondoa. Wanunuzi wa kawaida walipotoweka, maagizo ya kuuza yakateremka kwenye orodha mpaka yakagota kwenye bei za mwisho kabisa zilizowekwa kama kishika nafasi tu. Hisa za Accenture, kampuni kubwa, ziliuzwa kwa senti 1 ya dola. Baadaye biashara za bei za ajabu kama hizo zilifutwa. Kampuni haikuwa imebadilika chochote. Kwa dakika chache tu, hakukuwa na mtu upande wa pili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, haiozi, lakini inaweza kufungiwa chumbani na ufunguo akaondoka nao mtu mwingine. Kwa hiyo, iwe ni hisa, shamba, kokoto barabarani au ng'ombe, ukitajiwa thamani ya mali uliza maswali matatu. Kwanza, nani atanunua? Taja watu, si "soko". Pili, atachukua kiasi gani? Mnunuzi wa hisa 300 si mnunuzi wa hisa 2,000. Tatu, pesa itafika lini mkononi, si kwenye karatasi? Ukikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, ile namba uliyopewa si pesa bado.

Hii haina maana kwamba kitu kisicho na ukwasi ni kibaya. Shamba ni zuri. Wako watu waliotajirika kwa hisa kavu walizozishika miaka 15 bila kuzigusa. Ubaya ni kuweka pesa ya dharura mahali pa pesa ya kungoja. Chama chetu sasa kimetenga hizo mbili. Ya dharura iko kwenye mfuko wa soko la fedha, ambao ukiomba leo unalipwa baada ya siku 2 au 3, riba yake si ya kuringia. Ya kungoja imebaki kwenye hisa.

Na kwenye programu yangu, mweka hazina yule yule aliniomba mabadiliko mwezi mmoja baada ya tukio lile. Alitaka safu ya pesa ya wiki hii iwe ya kwanza, kwa herufi kubwa, na thamani ya karatasi ifuate, kwa herufi ndogo. Ilinichukua dakika 5 kubadilisha. Kama nawe unaandika programu za kuonyesha watu mali yao, fikiria kuzipanga hivyo tangu mwanzo.

Haya, nimeandika mengi leo na umeme hapa Kisian unakonyeza. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi hisa zinavyogawanywa, na kwa nini bei ikikatwa nusu si lazima uwe umepoteza kitu.